Mpaka Jaji Asimame

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mhariri alinipa hukumu ya kurasa arubaini akaniambia nikaisome, kisha nimweleze kwa maneno ambayo muuza ndizi wa Marikiti angeyaelewa. Nilirudi jioni na kurasa tatu. Akazikata zikabaki mistari kumi, na hiyo ndiyo iliyochapishwa. Nilijiona nimepewa cheo.

Nilikuwa binti wa Rabai, karani wa masjala, yaani chumba cha kuhifadhi majalada ya kesi, nikahamia gazeti dogo kuandika safu ya sheria. Mawakili wa Kizingo walicheka: sheria kwa Kiswahili, tena kwa mkono wa karani? Haukwisha mwaka, nawaambia vijana mnaoandika leo, hao hao wakawa wanatuma watu kulinunua gazeti letu asubuhi na mapema.

Kesi iliyonifunza kazi ilikuwa ya mtaa wa Kuze. Mombasa tuna mtindo wa nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine. Mwenye ardhi mmoja aliiomba mahakama mambo mawili, kesi yake isikilizwe haraka na wenye nyumba sita wahame. Jaji akaanza kusoma uamuzi mdogo, ule unaotangulia hukumu yenyewe. Alipofika kwenye "ombi la mwenye ardhi nalikubali," nikafunga daftari nikatoka mbio, maana mtambo wa kuchapa haukumngoja mtu. Kesho yake ukurasa wa kwanza ulisema wenye nyumba wa Kuze wahame.

Saa nne Msajili, mkuu wangu wa zamani pale masjala, akaniita. Hakupandisha sauti.

"Ulikaa mpaka jaji akasimama?"

"La, bwana."

"Alilokubali ni ombi la kwanza tu. La pili amelikataa mpaka kesi isikilizwe. Umewahamisha watu ambao mahakama haijawahamisha."

Nilikwenda Kuze kwa miguu, aibu imenijaa. Kwa Bi Zuhura, mjane mmoja katika wale sita, fundi alikuwa amekwisha kung'oa upande mmoja wa mlango wa mbao ya msaji. Ndiyo desturi: ukihamishwa, ardhi unaiacha, mlango unaondoka nao.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hapana pa kukukalisha, vyombo tumeshavifunga."

Nikamwambia kwamba mwandishi ni mimi, na kwamba nimekosea, nilikimbia kabla jaji hajamaliza. Hakuna aliyemwamuru kuhama.

"Mlango huu aliutia babangu," akasema. "Nawe umeung'oa kwa karatasi."

Nililia, sifichi. Kisha nikaushika ule upande wa mlango, fundi akaurudisha mahali pake.

Mhariri aliniambia masahihisho huwekwa ukurasa wa nane. Nikamjibu kwamba kosa lilikaa ukurasa wa kwanza. Alinitazama, akavuta karatasi ya ukurasa wa kwanza, akanipa nafasi ya juu kabisa.

Siku ya hukumu yenyewe, Bi Zuhura aliketi kando yangu. Jaji akasema kesi imetupwa, kwa sababu wenye nyumba hawakupewa notisi ya kuhama inavyotakiwa. Watu wakaanza kukumbatiana, lakini Bi Zuhura alinishika mkono kwa nguvu nisije nikakimbia tena. Tulikaa mpaka jaji aliposimama.

Jioni ile nilimsomea safu yangu kabla ya kuipeleka kuchapwa. Niliandika kwamba nyumba zinabaki, ila ardhi bado ni ya yule aliyeshtaki, na notisi halali ikija kesi inaweza kuanza upya. Hakuipenda sehemu hiyo ya mwisho.

"Iwate," akasema, yaani niiache ilivyo. "Ndiyo kweli."

Toka hapo sikuchapisha uamuzi wowote kabla ya kumsomea mtu mmoja unaomgusa, awe mpagazi au mwenye duka. Nimestaafu sijaandika masahihisho ya pili, na najivunia hilo kuliko barua yoyote ya pongezi. Ninyi leo mnatuma habari jaji angali anameza mate. Mimi siwaonei wivu.

Bi Zuhura alishafariki. Nyumba ipo, anakaa mjukuu wake. Siku ile fundi aliurudisha mlango umepinda kidogo, na marehemu hakutaka unyooshwe. Nikienda kumjulia hali mjukuu, lazima niuinue kwa mikono yote miwili ndipo ufunguke.