Mama Waya Hakutajwa

Fundi aliyetufungia mtandao redioni, hapa Kasese, amefariki, na tumemzika tukiwa wachache mno, wachache hata wa kupokezana koleo. Kosa ni langu, wasomaji wangu, wala sitalizungusha.

Alikuja kwetu kwa sababu ya aibu. Simu za wageni wa ofisi zilikuwa zikiiona kompyuta ya studio, na asubuhi moja mahubiri ya mgeni yalitoka hewani katikati ya bei za kahawa. Mama yule akabadilisha swichi zetu, vile visanduku vya kugawa mtandao, cha chini na cha ghorofani, lakini waya wa kuziunganisha akauacha uleule. Nami kwa ubishi wangu nikamwuliza waya mmoja utabebaje mitandao miwili bila kuichanganya. "Kila data inavaa lebo," akasema bila kugeuka. "Hii ya studio, hii ya wageni. Swichi ya juu inasoma, inajua itapeleka wapi." Na isiyo na lebo? "Hiyo haina shida. Mlango, hapa waya inachomekwa, iko na mtandao yake ya nyumbani, inaiingiza huko. Ubaya ni lebo yenye mlango haikuruhusiwa kupitisha. Hiyo inatupwa, na swichi haiambii mtu." Nikacheka: hata pole haisemi? "Afande, swichi haina pole." Kila mtu kwake alikuwa afande, kwani baba yake alikuwa askari kutoka kaskazini, naye alizaliwa kambini.

Alipofariki, ndugu zake wa kambini waliniomba niandike tangazo. Huku kwetu tangazo la kifo hutaja ukoo, kijiji na wahusika wote, ili kila mtu ajue kama msiba ni wake. Nikaandika jina la kwenye kitambulisho na kijiji cha baba yake, ambako marehemu hakuwahi kulala. Nilidhani nampa heshima! Likasomwa asubuhi na jioni.

Juzi akaja muuza vitenge kutoka soko la Bwera, akimtafuta Mama Waya, ndivyo sokoni walivyomwita fundi wetu, maana duka lake halina mtandao. Nilipomweleza, akakaa sakafuni.

"Ile tangazo niliisikia," akasema. "Niko namenya muhogo. Nikasema, huyu mutu ya mbali, pole kwa watu yake. Nikaendelea kumenya." Kisha akanitazama. "Soko yote ingekuja. Mungesema tu Mama Waya."

Laiti ningeiacha nafasi ya kijiji wazi, watu wangeulizana huyu ni nani, na jibu lingefika Bwera. Lakini mimi nilimbandika kijiji kisicho chake, na waliompenda wakampita wakiendelea na kazi zao.

Sasa kila anayeniletea tangazo namwuliza kwanza: waliomzoea walimwitaje? Ni swali jepesi, na lingemletea soko zima.