Punje Zilizomfunika Ma Veneranda

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata rangi ya kitenge alichovaa mama aliyenijia ofisini. Usicheke ninapojiita mzee na hamsini sijaifikisha. Katika kazi hii ya kutengeneza tovuti, mtu aliyeanza na kompyuta za chogo ni bibi yenu, na bibi akisema mnakaa chini.

Nilikuwa nimeajiriwa katika kiofisi kimoja Bukoba mjini. Kampuni iliyokuwa ikipeleka watalii kwenye nyumba za wakulima ilitaka ukurasa mpya. Juu kabisa tuweke video niliyoipiga mwenyewe nyumbani kwa Ma Veneranda, mjane wa Kagondo, akikaribisha wageni kwa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Unajua tunavyofanya: mwenye nyumba hushika kikapu kidogo, huchukua punje, hutafuna yeye kwanza mbele ya mgeni, ndipo humpa. Video ilikuwa nzuri vile vile ilivyo. Kizuri chajiuza, lakini mimi nilikuwa nimejifunza juzi tu kuweka michoro inayocheza juu ya video, na mkono ulikuwa unaniwasha.

Basi nikatandaza tabaka la michoro juu yake. Punje zinadondoka, mvuke unapanda, jina la kampuni linazunguka na kumetameta. Punje kubwa kuliko zote nikaipitisha katikati, ikatua usoni pa mama pale pale alipoinua mkono ale. Ilipoondoka, alikuwa tayari anampa mgeni. Bosi alipiga makofi, nami nikajiona fundi.

Wiki haijaisha, Ma Veneranda akaja na kitenge chake cha bluu cha kwendea kanisani. Watoto wa kaka yake kule Muleba walikuwa wameiona video kwenye simu, na maneno yalishaanza kuzunguka baada ya misa. Alikaa, akaomba aione mwenyewe.

"Isimamishe hapo," akaniambia.

Nikabonyeza. Haikusimama. Tabaka langu lilikuwa limefunika hata kitufe cha kusimamisha, kwa hiyo kila nikibonyeza nilikuwa nabonyeza punje zangu mwenyewe. Ikabidi tuitazame mpaka mwisho, yeye akimpa mgeni kahawa ambayo, kwa macho ya watu, hakuionja.

"Mwana wange," akasema bila kupandisha sauti, "kwetu anayekupa kahawa bila kutafuna kwanza anaitwaje?"

Nilijua. Nimezaliwa huku.

"Anaitwa mtoa sumu," akajijibu. "Miaka yote nimepokea watu kwa mkono huu, na wewe ulikuwepo ukaniona natafuna."

Niliona aibu, mwanangu. Siku hiyo hiyo nikaliondoa tabaka lote. Bosi akaniambia nilirudishe, kwamba mteja amezipenda punje, na bibi mmoja wa Kagondo hawezi kutupangia kazi. Nikasema silirudishi. Akasema basi atalirudisha mwingine, mimi niende.

"Nitakwenda," nikamjibu. "Lakini huyu mama alinifungulia mlango mimi. Ukimfunika tena, nitampeleka kwa mteja, amweleze kwa mdomo wake ulichokifunika."

Punje hazikurudi. Kazi yangu nayo haikurudi.

Wenzangu walinikumbusha kwamba mkataa pema, pabaya panamwita. Paniite tu. Nilikaa miezi kadhaa Kemondo nikipiga picha za pasipoti na za harusi, na sijajuta hata siku moja. Ma Veneranda aliniita kwake, akashika kikapu kile kile, akatafuna polepole huku akinitazama, ndipo akanipa. Nilitafuna nikilia.

Watakwambia ukurasa usiochezacheza umekufa. Wakatalie. Sikukatazi kuchora, mimi mwenyewe nachora mpaka leo, na vidole havijachoka. Ila kabla hujaweka kitu juu ya video, itazame tupu, tena na tena, mpaka ujue mtu aliyemo anafanya nini na kwa sababu gani. Mchoro wako ukae pembeni ya mkono wake, usiupite. Kitufe kibonyezeke. Kama desturi ya pale huijui, muulize mwenye nyumba, hata kama mteja ana haraka ya kufa mtu. Na kama unaijua, kama nilivyoijua mimi, huna kisingizio. Wakikulazimisha kumfunika mtu mdomo, kataa. Wakikufukuza, ondoka bila kuinamisha kichwa, maana kazi ni nyingi na jina la mtu ni moja.

Nenda sasa. Mungu akupe macho ya kuona kabla ya mikono ya kupamba. Na kila nyumba utakayoingia, mwenye nyumba atafune kwanza mbele yako, nawe upokee bila hofu.