Sisi Wawili Hadi Kapalamsenga

Tarehe kumi na mbili Machi, mwaka jana, tulimzika Kabula, binti yetu wa kwanza. Alikuwa na miaka tisa. Homa ilimshika Jumatatu, Alhamisi hatukuwa naye. Nalisema hili mapema ili msomaji asishangae huko mbele, maana safari ninayoisimulia ilikuwa ya furaha, na nimekusudia kuisimulia na furaha yake yote.

Kwetu Mwamkulu, mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Miaka yote hiyo nilikuwa Mama Kabula. Baada ya msiba nikawa Mama Masanja, kwa jina la mdogo wake. Hakuna kikao kilichokaa kuamua. Watu walinihurumia, wakaogopa kunitonesha. Alianza mama mkwe, majirani wakafuata, mwisho mume wangu Maganga naye. Tangu tulipotoka makaburini, jina la mtoto yule halikutoka tena kinywani mwake. Mimi nikahamia chumba cha watoto, yeye akabaki chumbani kwetu peke yake. Hatukugombana. Tuliongea habari za mpunga na ng'ombe.

Mwaka huu, tulipomaliza kuvuna, Maganga alinikuta uani napepeta mchele.

"Mama Masanja, twende Ziwa Tanganyika."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Twende tu, mimi na wewe."

"Na watoto?"

"Watabaki na bibi yao."

Nikamtazama usoni nione kama anaumwa. Katika ukoo wetu sijawahi kuona mume na mke wakiacha watoto na kuondoka pamoja, isipokuwa kwenda kuzika. Mama mkwe naye alipoambiwa, swali lake la kwanza lilikuwa la msiba.

"Amekufa nani?"

"Hajafa mtu, mama. Tunaenda kutembea."

"Kutembea wapi?"

"Ziwani. Kuangalia maji."

"Maji si mmeyakanyaga kwenye majaruba ya mpunga tangu Januari?"

Maganga akacheka. Mimi nikaingia ndani kutafuta gauni langu jekundu. Nilikuwa sijalivaa tangu msiba, na lilikuwa limeanza kunuka sanduku.

Ijumaa asubuhi tuliondoka na pikipiki yetu. Minza, mtoto wetu wa mwisho, alilia mpaka alipopewa kipande cha muwa. Masanja alitaka tumletee samaki mwenye meno. Nyuma ya kiti tulifunga mfuko wa mchele, na kwenye usukani akaning'inia kuku jike. Najua gesti mtu analipia chumba. Lakini sisi hatujui kufika kwa mtu mikono mitupu, hata kama mtu huyo tunamlipa.

Mpanda mjini tulisimama kujaza mafuta. Kijana wa pampu alitutazama sisi, akautazama mchele, akamtazama kuku, akavua kofia.

"Poleni sana, wazee wangu. Msiba uko upande gani?"

"Hakuna msiba," akasema Maganga. "Namtembeza mke wangu."

"Ee, poleni tu," akajibu kijana, akatuongezea upepo bila kutudai.

Baada ya mji tulishika barabara ya Karema. Nilikuwa nimekaa upande upande kama mama wa heshima, mkono mmoja kwenye kiti, mwingine umeshika mfuko. Tulipoingia msituni, mahali ambapo hapakuwa na nyumba wala mtu, Maganga akasimamisha pikipiki.

"Kaa kiume," akasema. "Hapa hakuna mtu wa ukoo."

Nikafunga kanga juu ya gauni, nikakaa kiume. Hapo sikuwa na pa kushika isipokuwa yeye. Nikamshika kiunoni. Alikuwa amekonda na mimi sikuwa nimejua. Akakoleza mwendo. Kuku akapiga kelele, na mimi nikapiga kelele, mwanzoni kwa woga. Baadaye haikuwa woga tena.

Msitu ule una mbung'o. Mmoja alitua mgongoni kwa Maganga, nikampiga kofi la nguvu.

"Umeanza kunipiga, mke wangu?"

"Mbung'o!"

Baada ya muda nikampiga lingine.

"Mbung'o tena?"

"Hapana. Hilo lako."

Alicheka mpaka pikipiki ikayumba. Nilikuwa nimesahau kwamba akicheka mabega yake yanapanda.

Mchana tulianza kuteremka milima. Kwenye kona moja niliona kitu cha bluu kati ya miti na nikadhani ni mbingu. Kisha nikaona mbingu iko juu yake. "Baba Masanja!" nikapiga kelele sikioni mwake. "Ni maji! Yote yale ni maji!" Nilikuwa nimesoma habari za ziwa hili darasa la nne. Shuleni hawakutuambia kwamba mtu akiliona mara ya kwanza atalidhani mbingu.

Kapalamsenga, kijiji cha ufukweni, tulifikia kwa Mama Zawadi, mama mnene wa Kibende anayekaanga samaki mbele na kupangisha vyumba nyuma. Alitukagua kwa zamu.

"Chumba kimoja au viwili?"

"Kimoja," akasema Maganga. "Huyu mke wangu."

"Wote wanasema hivyo, baba. Mke na mume wana kitanda kwao. Watakuja kwangu kufanya nini?"

Nikaona aibu mpaka masikioni. Maganga alimfungua kuku kwenye usukani, akamkabidhi kwa mikono miwili, kisha akashusha mchele. Mama Zawadi akasimama na kuku kifuani, akaanza kucheka.

"Nimeamini! Hakuna mwanaume anayetorosha mke wa mtu akabeba kuku na mchele. Nyie ni Wasukuma, na mmeoana kweli. Nikuite mama nani, dada?"

Nilifungua mdomo. Maganga akawahi.

"Mama Masanja."

Nikafunga mdomo.

Jioni tulikwenda ufukweni. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, wanang'aa hata macho yakauma. Wanawake waliokuwa wanawageuza walitutania: "Nyie Wasukuma, ng'ombe mmewaacha wapi? Haya maji yote, mmekuja kunywa wenyewe?" Nikavua viatu nikaingia mpaka magotini. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na safi, niliona vidole vyangu. Nilimwita Maganga aje. Hakuja. Alikuwa amesimama mchangani, kiganja juu ya macho, anatazama mbali. Nikamwita tena. Alinipungia mkono bila kunitazama.

Wakati wa kula ilikuwa vilevile. Mama Zawadi alituletea migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo, ule unaonata, akatuonyesha namna ya kuukata. Samaki alikuwa mtamu ajabu. Maganga alikula vipande viwili akageuka kutazama ziwa. Niliitazama shingo yake, nikalitazama gauni langu jekundu. Nikajiona mjinga. Nikafikiri, tumekuja mbali kote huku ili anyamaze mahali pengine.

"Mzee anatafuta nini huko?" Mama Zawadi akauliza. "Kuna mtu anamdai?"

"Muulize mwenyewe," nikasema. "Mimi simjui tena."

Sikukusudia kulisema kwa sauti. Maganga aligeuka. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Natafuta ng'ambo," akasema. "Kabula aliniuliza kama ng'ambo inaonekana."

Nikaliweka tonge langu chini.

"Walifundishwa ziwa shuleni," akaendelea. "Akaja shambani mbio, anauliza, baba, ukisimama huku unaiona Kongo? Nikamwambia sijui, sijawahi kufika. Nikamwambia tukivuna tutakwenda kuangalia. Kabula akasema, usisahau." Akajifuta uso kwa mkono wenye mafuta ya samaki. "Naangalia tangu tumefika. Sioni kitu. Nitamjibu nini?"

Mama Zawadi hakuuliza Kabula ni nani. Nadhani alijua. Alikaa kwenye benchi letu, akavuta pumzi.

"Saa hizi huwezi kuiona, baba. Ni moshi, watu wanachoma mashamba. Kesho asubuhi na mapema pandeni kile kilima nyuma ya kanisa. Usiku upepo ukivuma vizuri, mtaiona."

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja. Tuliongea habari za Kabula mpaka sauti zikakauka: alivyozaliwa mvua ikinyesha akapewa jina hilo, alivyokuwa anaimba kanisani mbele ya kwaya, alivyomficha mbwa chini ya kitanda. Tulilia, tukacheka habari za yule mbwa, tukalala. Mengine ni yetu.

Jumamosi, kabla jua halijatoka, tulikuwa tayari njiani. Upepo ulikuwa umevuma usiku kucha na mabati yalikuwa yamepiga kelele. Kilima kilikuwa na mawe na nyasi ndefu zenye umande. Tulianza kwa kutembea. Kisha Maganga akaongeza hatua, na mimi nikaongeza, na mwisho tukawa tunakimbia kama watoto waliotumwa dukani, mimi gauni nimelishika mkononi, yeye anateleza na kunicheka mimi niliyekuwa mbele.

Nilifika juu wa kwanza. Ziwa lilikuwa la rangi ya majivu. Mwisho wake, juu ya maji, palikuwa na mstari wa milima, mwembamba, wa bluu. Ulipanda, ukashuka, ukapanda tena.

"Maganga! Inaonekana!"

Akafika, akashika magoti, akahema. Kisha akainua kichwa. Aliitazama milima mpaka jua lilipotoka nyuma yetu na yote ikawa ya pinki. Akaweka viganja mdomoni, akaita kwa nguvu zake zote kuelekea majini:

"Kabula! Inaonekana!"

Mbuzi waliokuwa chini wakainua vichwa. Nami nikaita. Tuliita mpaka watu wa chini wakatoka nje kutazama wageni wa Mama Zawadi wana nini.

Siku ile iliyobaki tuliogelea, yaani tulikaa majini, maana hakuna kati yetu anayejua kuogelea. Tulikula migebuka tena. Maganga alijaribu kugeuza dagaa na wale wanawake wakamfukuza. Mama Zawadi alimpika kuku wetu akatulisha sisi wenyewe.

Jumapili tulirudi. Nilikaa kiume njia nzima, hata tulipopita Mpanda mjini, hata tulipoingia Mwamkulu ambako watu wa ukoo wako kila kona. Mbele ya kiti tulikuwa na dagaa na samaki mmoja mkavu mwenye meno.

Masanja na Minza walitukimbilia mpaka barabarani. Mama mkwe alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akalitazama gauni langu jekundu na vumbi lake.

"Mmeyaona hayo maji?"

"Tumeyaona," akasema Maganga. Alizima pikipiki, akanishika mkono nishuke. "Mama, Mama Kabula hajala tangu asubuhi."

Mama mkwe alibaki na mwiko hewani. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi. Kisha akasogea pembeni ya mlango.

"Basi Mama Kabula aingie ale," akasema. "Ugali unapoa."