Siku Mtani Wangu Aliponiamkia

Mjukuu wangu anarusha ndege ya vita. Nasema wazi kwa sababu sokoni wengine hudhani ni mmoja wa wale mabinti wanaogawa soda kwenye ndege za abiria. Hapana. Ni rubani, na ndege yake imebeba mabomu chini ya mabawa. Mama yake alifariki mapema, nikamlea mimi, nikamsomesha kwa tangawizi ya kwetu Upare ninayouza hapa Kariakoo, kwenye baraza la duka la ndoo na mabeseni. Mimi niliishia darasa la nne, yeye amefika mawinguni. Mwenye wivu ajinyonge.

Kabla hajapelekwa vitani alinionyesha picha ya ndege yenyewe kwenye simu. Nilitegemea lile dude lenye ncha kama mkuki, linalopita likipasua masikio. Nikaona kidege: pangaboi moja puani, viti viwili, kimoja nyuma ya kingine.

"Hii ndiyo ya vita? Mbona kama zile zinazopeleka wazungu Unguja?"

"Injini ni za aina hiyohiyo, bibi. Ila hii ina kazi yake. Askari wetu wakibanwa na waasi porini, wanatuita. Tunashuka chini, polepole, tunazunguka mpaka tuone adui yuko wapi na wenzetu wako wapi. Zile za kasi zinapita tu, haziwezi kukaa juu yao."

"Chini kiasi gani?"

"Chini."

"Na wewe ukiwaona, wao hawakuoni?"

Akacheka kile kicheko cha kumtuliza mzee. "Kiti chetu kina baruti, bibi. Mambo yakiharibika unavuta mpini, kinakurusha nje, mwavuli unafunguka."

"Kiti gani hicho kinachomfukuza mwenyewe!"

Tangu siku ile, kidege chochote kikipita juu ya Kariakoo mkono wangu unaganda kwenye mizani. Najua kimebeba watalii, naangalia juu vilevile. Yeye alishapelekwa nchi ya watu, kwenye kikosi cha mataifa kinachopigana na waasi. Nchi siitaji.

Sasa, mwenye duka la ndoo ni Mchaga, nami Mpare. Sisi ni watani: wao wanatusema kwa ubahili na kupenda kesi, sisi tunawasema kwa kupenda pesa. Tangu siku ya kwanza nilipotua gunia langu kwenye baraza lake tunatukanana, na ingawa naweza kumzaa, shikamoo yake sijawahi kuisikia. Salamu yake ni hii:

"Mpare! Leo umemshtaki nani?"

"Wewe, kwa kuniharibia asubuhi na hiyo sura."

"Utauza ng'ombe ufuatilie kesi ya kuku!"

"Na wewe ukifa hatuchimbi kaburi mpaka tukuchezeshee sarafu sikioni, tuone kama kweli huamki."

Wateja wageni hudhani tunataka kupigana. Hata mjukuu wangu hakumwacha. Aliposikia ni rubani alitangazia mtaa mzima: "Mpare gani alipe nauli ya ndege? Ameona bora aiendeshe mwenyewe!" Nilicheka mpaka kanga ikanivuka.

Asubuhi moja nimefika, natandika gunia, nikamwona mtani wangu amesimama mlangoni na simu mkononi. Aliponiona akaitia mfukoni haraka.

"Shikamoo, mama," akasema.

Sikuitikia. Nikashika nguzo ya baraza. Mtani hutania hata msibani. Atalala njiani azuie jeneza, atamsema marehemu, na hakuna wa kumkasirikia. Mtani akikupa heshima ghafla, ujue lililokuja limemshinda na yeye.

"Nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu, mama. Kaa kwanza. Umekunywa chai?"

"Toa hiyo simu."

"Mama..."

"Itoe!"

Wapagazi waliokuwa wanapita na mizigo wakageuza nyuso. Akaitoa, akaniwekea video. Nikaona kidege, pangaboi puani, kinazunguka chini karibu na miti. Kikatoa moshi. Kikalala ubavu, kikazama mitini. Waliokuwa wanapiga picha walikuwa wanashangilia kwa lugha nisiyoijua. Mimi macho yangu yalikuwa yanatafuta mwavuli.

"Rudisha," nikasema. Akarudisha. Nikatafuta tena. Hapakuwa na mwavuli.

"Ndege hizo ziko nyingi, mama. Si lazima awe yeye."

Lile "mama" lake ndilo lililonimaliza. Nikapiga namba ya mjukuu wangu: haipatikani. Nikapiga tena na tena, yule mwanamke wa kwenye simu ananijibu vilevile, kwa adabu.

Mtani akafunga duka. Mchaga kufunga duka asubuhi, siku nyingine ningemsema mwaka mzima. Akanishika mkono tukatembea mpaka nyumbani Mchafukoge, machozi yananitoka. Sijui habari ilipita njia gani, maana nilipotoka kunawa uso wanawake wa nyumba nzima walishajaa sebuleni kwangu. Wanaume wanatoa makochi nje. Mikeka imeanza kutandikwa. Jikoni mtu ameshabandika sufuria kubwa.

Hakuna aliyewaambia amekufa, wala hakuna aliyeuliza. Waliona nimeshikwa mkono nikilia, ikatosha. Nilitaka kupiga kelele: toeni mikeka yenu! Niliyatazama makochi yanapita mlangoni moja moja, na niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa. Niliona kwamba likitoka la mwisho, basi mtoto ndiyo amekufa, na tumemuua sisi.

Jirani wa chumba cha pili akaniinamia. "Mwili unaletwa lini, bibi?"

"Mwili wa nani?" nikamuuliza.

Akageuka kuwatazama wenzake.

Ndipo simu ikalia, namba ndefu ya kigeni. Mtani akaichukua, akabonyeza, akaweka sauti kubwa.

"Bibi? Shikamoo."

"Wewe ni nani?" nikasema. Swali la kijinga, lakini ndilo lililotoka.

"Ni mimi, bibi. Mimi. Kwenye ile video inayosambaa siyo mimi. Kambini wamezima mawasiliano, ndiyo kwanza wametupa simu ya jeshi, kila mtu apige nyumbani mara moja."

Vigelegele vilipasuka, paa likatetemeka. Mimi nilikuwa nasikiliza kule upande wa pili. Mjukuu wangu alikuwa analia. Nikawanyamazisha wote kwa mkono.

"Alikuwa mwenzangu, bibi, peke yake ndani. Tulikuwa tunakula meza moja."

"Na kiti chake?"

"Alikuwa chini mno. Mwavuli haukuwahi."

"Rudi nyumbani."

"Siwezi. Wale askari aliokuwa anawasaidia bado wamebanwa palepale. Zamu yake nimepewa mimi. Mchana huu."

Nilikuwa na maneno mengi. Kwamba nitakwenda kwa wakubwa wake, nitawashtaki, nitalala mlangoni kwao. Kwamba sikumlea aanguke kwenye miti ya watu.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Bado."

"Kula. Halafu ukishuka niambie umeshuka. Neno moja tu."

"Sawa, bibi."

Simu ikakata. Mtani alipumua kwa nguvu, akajifuta uso kwa shati, akanyanyua kochi. "Mpare, naingiza vitu vyako. Likichanika usinipeleke mahakamani." Wanawake wakaangua kicheko. Mimi sikuweza.

"Yaache kwanza," nikasema. "Kuna mtoto wa watu amekufa. Kaeni."

Wakakaa. Waislamu wakasoma fatiha, Wakristo wakasali kwa namna yao, wali ukaiva tukala. Wao walikuwa wanamwombea marehemu. Mimi, kusema kweli, nilikuwa nangoja wangu. Simu nimeipakata. Adhuhuri ikapita. Videge vya Unguja vikapita juu ya nyumba, kila kimoja nikakichungulia dirishani. Alasiri ikaadhiniwa. Jirani akaniletea maji, nikayaweka chini nisije nikaiachia simu.

Jua lilikuwa limeanza kuacha madirisha ya ghorofa la mbele simu ilipotetemeka. "Nimeshuka bibi." Nikalisoma lile neno kwa sauti, halafu tena peke yangu, herufi moja moja.

"Sasa yarudisheni makochi," nikawaambia.

Wakati wanayaingiza, nikamwandikia: "Na kesho?"

Jibu likaja hapohapo. "Kesho asubuhi na mapema."