Kamba Katikati ya Ua

Afisa wa mfalme aliyesimamia ujenzi wa ngome ya mji mpya hakuwa mtu wa kufoka. Kila asubuhi alichuchumaa mbele ya mawe, joho la hariri likiburuzika vumbini, akayapapasa kwa kiganja kama anayempima mtoto homa. Fundi mawe Chadol alimcheka kimoyomoyo.

Siku kamba ya kupimia ukuta ilipopita katikati ya ua wa mjane mmoja, juu ya mitungi yake ya mchuzi wa soya uliokuwa ukichachuka juani, Chadol alijua nyumba hiyo imekwenda. Mjane hakulia. Alifuta mifuniko tu, kana kwamba kaja mgeni. Afisa akafunua mtungi mmoja, akachovya kidole, akaonja.

"Bibi, huu bado."

"Bado, Mheshimiwa. Unataka jua la mwaka mwingine, na hautaki kuhamishwa. Basi toa kidole, usinimalizie!"

Afisa akacheka, akang'oa kigingi cha ile kamba kwa mikono yake, akaenda kukichomeka upande wa pili wa nyumba, ili ibaki ndani ya mji.

"Mheshimiwa, ukuta utapinda!" Chadol akamaka. "Watatucheka!"

"Wacha upinde."

Chadol alipolifikisha jiwe la kwanza kwenye ule mpindo, hakulishusha mara moja. Alilipapasa kwanza, kwa kiganja.