Mashine ya Uingereza

Wiki iliyopita nikiwa Kajiado niliona mashine ya kukata nyasi za ng'ombe, ya kijani kama mlango wetu wa zamani. Nikaitambua. Baba aliichomelea nyuma ya jikoni yetu, Kitengela, akaipaka rangi iliyobaki ya mlango.

Alasiri ya kuiuza, nikiwa mtoto, ilikuwa bado inanuka rangi. Mzee mmoja mfugaji aliizunguka, akaigonga kwa rungu.

"Fundi, hii ni ya wapi?"

"Uingereza," Baba akasema.

Mimi nilikuwa nimeiona ikiungwa mwezi mzima. Basi nikaamini Uingereza ni pale nyuma ya jikoni, nikajivuna kwamba tunaishi huko.

Sitaki kumwonea Baba. Mashine yake ya kwanza alisema ameiunda mwenyewe, watu wakacheka, ikakaa bila mnunuzi mpaka ikashika kutu.

Huko Kajiado nilimuuliza mwenye mashine kama bado inakata.

"Mama, hii ni ya Uingereza! Hawa mafundi wetu wangeweza kweli?"

Nilitaka kumwambia ukweli, nikaogopa ataacha kuiamini. Sijui kama nilifanya vizuri.

"Najua, mzee," nikamwambia. "Mimi nilizaliwa huko."