Supu ya Boga Iliyomwagwa Thelujini

Du. Du. Du. Sauti hiyo ilishuka kutoka darini asubuhi ya siku ya mwisho ya mwaka, katika nyumba ya mbao tuliyopanga East Side, Buffalo, nilipokuwa na umri wa miaka kumi. Mlio wa mchi katika kinu niliufahamu tangu kambi ya wakimbizi Tanzania, tulikolelewa Warundi wengi, na ndiyo maana uliniogofya. Hapa Marekani ni nani atwangaye, na anatwanga nini? Baadaye ilifuata harufu ya kitunguu saumu, pilipili na majani nisiyoyajua.

Juu aliishi Mama Yolette, Mhaiti, mfuaji wa mashuka hotelini. Kanisani kwetu ilinong'onwa kwamba Wahaiti wana dawa za kuroga. Mama aliinua uso. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Chetu kiko juu ya vichwa vyetu."

Kesho yake Mama Yolette alishuka na sufuria iliyofungwa kwa taulo. Ndani mlikuwa na supu ya boga, rangi ya machungwa, vipande vya nyama na kabichi vikichungulia. Mvuke ulitusogeza karibu, mimi na kaka yangu Ezekieli, bila kuitwa.

"Heri ya mwaka mpya, majirani," alisema kwa Kiingereza. "Muanze ninyi." Akapanda ngazi.

Nilipomtafsiria, Mama alifunga mlango kwa ufunguo. "Tuanze sisi! Kwa nini tuanze sisi?"

Msomaji, usimdhanie mchoyo. Kwetu, anayekukaribisha huonja kwanza mbele yako, ndipo akupe, ili ujue hamna sumu. Mama Yolette hakuonja. Kwa Mama, huo ulikuwa ushahidi kamili.

"Lakini inanukia vizuri," Ezekieli alilalama.

"Hata sumu ya panya hunukia. Kawaulize."

Akaimwaga uani, akisahau kwamba theluji haifichi kitu. Doa la machungwa liliganda pale, chini kabisa ya dirisha la Mama Yolette. Alipokuja kuchukua sufuria yake, aliniuliza taratibu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa nyumba: "Ilipungua chumvi?"

"Anauliza kama tuliipenda," nilimwambia Mama.

"Mwambie ilikuwa tamu mno."

Nikamwambia. Alitikisa kichwa kukubali, akapanda. Hakutuletea chakula tena, nasi tulilihesabu hilo kuwa ushindi.

Sasa Mama anaishi South End, Louisville, nami nasoma shahada ya uzamili Columbus. Mwaka huu uvumi ulienea hapa Ohio kuhusu Wahaiti, kwamba hupika mbwa na paka wa majirani. Nilipowasikia wasomi wenzangu wakiurudia kwa kicheko, niliitambua sauti ya nyumbani kwetu, ila lafudhi ilikuwa nyingine. Mhaiti mmoja darasani ndiye aliyenieleza kwamba supu ile hupikwa tarehe mosi Januari, siku ya uhuru wao. Enzi za utumwa mababu zao waliipika na kuipakua kwa mabwana, nao wakakatazwa hata kuionja. Ndiyo sababu siku hiyo huipeleka kwa kila jirani.

Nililipima jambo hilo kwa kila upande, kama ilivyo ada yangu. Kila upande ulinirudisha pale pale: yeye alitupa sisi kwanza kile ambacho wazee wake walinyimwa, nasi tulimhukumu kwa kutoonja.

Nilimpigia Mama simu kumwomba namba ya Mama Yolette, nikiamini ilikwisha kupotea. Alikuwa nayo, imehifadhiwa kwa jina la Jirani wa Juu.

"Kwa nini uliiweka, Mama?"

"Mpigie wewe. Kiingereza changu hakitoshi kwa hilo."

Jana alasiri nikapiga.

"Mama Yolette, ni mtoto wa chini. Ile supu, hatukuionja."

"Niliona theluji, mwanangu," alisema.

Nikamweleza desturi yetu yote. Alicheka kidogo, kicheko chenye uchovu. "Basi njooni tarehe mosi, wewe na mama yako. Nitaonja mimi kwanza, mbele yake."

"Hapana, Mama," nikasema. "Tupe sisi kwanza."